Dalali Aonyesha Nyumba Yake Mwenyewe

Dalali alikufa katikati ya sentensi. Alikuwa amesimama kwenye korido ya nyumba ya kupanga, kiganja kimoja ukutani, akimwambia mteja, "Majirani wa hapa wapole mno, hata jogoo wao huwika kwa..." Hapo hapo moyo ukazimika kama taa. Mteja, ambaye alikuwa na uzoefu wa madalali, alidhani anavuta pumzi ili apandishe dau. Akasubiri kidogo, akakohoa, kisha akasema, "Sawa, lakini kodi punguza."

Watu walimwita Hamna Shida, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Paa linavuja? Hamna shida, mvua za huku huja na upepo, hupita juu kwa juu. Choo kiko mbali? Hamna shida, madaktari wanasema tutembee. Ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni, kisha ukampangisha pango lile lile.

Alipofumbua macho alijikuta amesimama kwenye mtaa uliofagiwa vizuri, nyumba pande zote mbili, na hakuna nyumba iliyofanana na jirani yake. Mbele yake palikuwa na moja ya rangi ya maziwa, yenye baraza pana. Kwenye ngazi zake walikaa mafundi wawili wanaume, wamezungukwa na nyundo, miiko na ndoo ya saruji. Juu yao alisimama mkuu wao, mwanamke mnene mwenye penseli nyuma ya sikio.

"Karibu, bwana dalali," alisema yule fundi mkuu. "Umeshakufa. Pole."

"Hamna shida," akajibu kabla hajafikiri.

Mafundi wale wawili waliangua kicheko mpaka mmoja akadondosha mwiko.

"Hii ndiyo nyumba yako," mwanamke aliendelea. "Umeijenga kwa maisha yako, tofali juu ya tofali, wala hukujua kama unajenga. Humu ndimo utakamokaa moja kwa moja. Ila kuna mteja anakuja kuiona. Kazi yako ni ile ile, mwonyeshe. Akiipenda, anahamia, mtakaa wote. Asipoipenda, anarudi alikotoka nawe utakaa peke yako. Mteja wa hapa haji mara mbili."

"Dada, kwa mteja mmoja tu? Umefika. Mimi nimewahi kupangisha stoo kwa familia nzima."

"Tunajua. Sasa nisikilize. Kasoro utakayoitaja kwa mdomo wako, sisi tunaitengeneza papo hapo. Utakayoificha itabaki ilivyo, na hatutaigusa kamwe."

"Kwani nyinyi wenyewe hamzioni?"

"Tunaziona zote, tangu msingi ulipochimbwa. Lakini huku fundi hagusi ukuta mpaka mwenye nyumba aseme."

Dalali alikuwa bado anatafuta mwanya katika maneno hayo aliposikia kandambili zikija, pa-pa, pa-pa. Mwendo ule aliujua kabla hajageuka. Ni mke wake, aliyemtangulia miaka kadhaa, mkoba begani, gauni la maua, na uso uleule uliokuwa ukimsubiri amalize kusema uongo ili waendelee na mazungumzo.

"Mama watoto!" Akainua mikono amkumbatie.

Mke wake akamwekea kiganja kifuani. "Salamu baadaye. Mimi naishi kwa dada yangu, nina chumba changu na bustani, sina njaa ya nyumba. Nimekuja kuona kama kuna sababu ya kuhama."

Kati ya wateja wote aliowahi kuwahangaikia, hapakuwa na hata mmoja ambaye dalali alimtaka namna hii. Na kwa sababu alimtaka sana, alifanya kile alichozoea. Alikunjua mikono, akafungua mlango kwa madaha.

"Bibie, karibu sebuleni! Tazama nafasi hii. Tazama madirisha!"

Kusema haki, sebule ilikuwa ya kupendeza. Ilikuwa ndefu, yenye makochi pande zote, na kuta zake zilikuwa zimeshika vicheko vya watu kama nguo zinavyoshika moshi. Maana dalali alipendwa na watu, hilo halina ubishi. Alizunguka akionyesha hiki na kile, kisha akatulia mahali pamoja karibu na dirisha, miguu imepanuka, akiusifia upepo.

Sasa kuna siri ya udalali ambayo wapangaji huchelewa kuijua. Dalali husimama juu ya kasoro. Kigae kikivunjika, atakikanyaga. Ukuta ukiwa na ufa, ataegemea hapo kama aliyechoka. Mteja humtazama dalali usoni, na hapo ndipo anapoliwa. Siri hiyo Hamna Shida alikuwa akimsimulia mkewe mezani, wakicheka hadi machozi.

"Sogea," alisema mke wake.

"Nisogee wapi, mbona hapa nina..."

"Baba watoto. Sogea."

Akasogea. Chini yake kigae kilikuwa kimepasuka vipande vipande na maji machafu yalikuwa yakitoka. Alipokiona tu, alijua ni nini, kama mtu anavyolijua shati lake kwenye kamba ya nguo.

"Ah, hiki? Kitu kidogo tu. Kuna mpangaji mmoja zamani, alipata, eh, unyevunyevu."

Mafundi hawakuinuka. Mmoja alipiga miayo.

"Ukitaja, taja," alisema fundi mkuu. "Usitie sukari."

Dalali alikuna shingo. "Fundi viatu," akasema mwishowe. "Nilimpangisha chumba cha bondeni, nikamwambia ni pakavu. Nilijua maji huingia, nilishayaona kwa macho yangu. Mvua ya kwanza, viatu vya wateja wake vikaelea mpaka barabarani, kimoja kimoja. Nilipita pale. Nikajifanya sikumwona."

Kabla hajafunga mdomo, mafundi walishapiga magoti. Kigae kilichopasuka kikang'olewa, kipya kikalala mahali pake, maji yakakauka. Dalali alihisi kitu kimelegea mabegani, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa amesahau kwamba ameubeba. Ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu mno, na hapo ndipo ujanja ulipomrudia. Kumbe mchezo wenyewe ni huu!

"Basi nawaambia wote!" alipaza sauti, akijipiga kichwa. "Nyumba nzima ni mbovu! Paa bovu, kuta mbovu, msingi umeoza! Mimi ndiye mtu mbaya kuliko wote waliowahi kuvaa viatu! Bomoeni! Msiache hata tofali!"

Neno la mwenye nyumba ni neno. Fundi mmoja aliinua nyundo, akaushambulia ukuta mzima kabisa, uliokuwa haujamkosea mtu. Plasta ikaruka. Tundu likatokea.

"Hebu acheni!" mke wake alifoka, na nyundo ikasimama hewani. Akamgeukia mumewe. "Unanifanya mimi mtoto? Si ndivyo ulivyokuwa ukifanya ulipotumwa na tajiri kununua? Unaitukana nyumba ya watu kuanzia paa mpaka msingi, mpaka mwenyewe anaona haya, anakubali lolote ilimradi uondoke. Mtu anayesema 'mimi ni mbaya kabisa' hajataja ubaya hata mmoja."

Dalali akatazama lile tundu. "Kasoro," akasema taratibu. "Nimetoboa ukuta mzima kwa kujitukana ovyo."

"Hiyo nayo ni ya kweli," alisema fundi mkuu, huku akizuia kicheko. Lakini kabla hajaagiza saruji, mke alikuwa ameshachungulia tunduni.

"Huku ndani ni chumba gani?"

Walizunguka, wakaupata mlango. Kilikuwa chumba kidogo chenye mwanga mwingi, kimefagiwa, blanketi zimekunjwa pembeni. Ukutani palikuwa na mistari ya penseli, ile ya kupimia watoto wanavyorefuka.

"Hiki si changu," alisema dalali. "Mmechanganya nyumba."

"Hatujawahi kuchanganya," alijibu fundi mkuu.

Akasimama akiitazama ile mistari hadi kumbukumbu ikamjia. Mjane mmoja na watoto wake, wametolewa vyombo nje, na yeye mfukoni alikuwa na ufunguo wa nyumba iliyokosa mpangaji. Akawaingiza humo. Walikaa hadi mvua zikaisha. Kifua kikaanza kumpanda. "Unajua, mama watoto, mimi tangu utotoni nimejaaliwa moyo wa..."

Mkewe aliinua nyusi moja tu.

Kifua kikashuka. "Siku za mwanzo niliwaonea huruma, hiyo ni kweli. Baadaye, mh, yule mdogo alianza kuniita babu. Nikaona aibu kuwafukuza. Na nyumba yenyewe haikuwa yangu, kwa hiyo haikunigharimu kitu."

Mke wake alicheka, kile kicheko chake cha puani ambacho dalali hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. "Na watoto walilala pakavu?"

"Walilala pakavu."

"Basi chumba ni chumba. Kiacheni kilivyo."

Fundi akaziba tundu, wakarudi koridoni. Dalali alianza kuamini kuwa mambo yameiva. Ndipo mke wake akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na jiko?"

Palikuwa na mlango mmoja mwishoni mwa korido. Tangu walipoingia, dalali alikuwa ameupa mgongo. Sasa alikuwa mbele yake, mikono imeshika fremu huku na huku.

"Jiko lipo," alisema. "La kisasa. Limebana nafasi, siku hizi ndiyo mtindo. Twende tukaone baraza kwanza, baraza lina..."

"Sogea."

Hakusogea. Alilijua lile jiko kabla hajaliona. Akilifungua, mkewe atageuka, kandambili zitaanza pa-pa kuelekea kwa dada yake, na sebule yote ile atabaki nayo peke yake. Asipolifungua, huenda akakubali kwa ajili ya madirisha. Wateja wangapi walikubali kwa ajili ya madirisha? Pembeni, fundi mkuu alikuwa ameanza kutia vyombo mfukoni, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

Dalali alishusha mikono. Akaufungua mlango mwenyewe, akakaa pembeni.

Jiko lilikuwa jembamba, dari imeinama, kuta nyeusi. Katikati palikuwa na kigoda kimoja.

"Halina dirisha," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Nilicheka na dunia nzima sebuleni, wewe nikakuacha humu. Ulipougua nilikuwa nasimama mlangoni hivi hivi, nauliza unaendeleaje, najijibu mwenyewe hamna shida, naaga naenda kazini. Na siku nyingi sikuwa na kazi. Nilikuwa nakaa kwa kinyozi mpaka jioni. Niliogopa. Nilijua ukinijibu ukweli, sitakuwa na la kusema, na mimi sijawahi kukosa la kusema."

Fundi mkuu alianza kuvitoa tena vyombo mfukoni.

"Nilijua hukuwa kazini," alisema mke wake.

"Ulijuaje?"

"Mtu gani ananyolewa kila siku, baba watoto? Ulikuwa na upara kuliko sufuria."

Dalali alitaka kulia, akajikuta anacheka, kisha vyote viwili vikaja pamoja bila kupeana nafasi. Mke wake aliinamisha uso. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikujulikana kama ni kwa kicheko au kwa kilio.

"Iliniuma," alisema baadaye. "Usidhani kwa kuwa nacheka haikuniuma."

"Najua. Sasa najua."

Tindo liligonga ukuta. Moja, mbili, tofali likatoka, kisha jingine, na mwanga ukaingia jikoni ukiwa na vumbi ndani yake. Mafundi waliinua dari, wakapiga plasta, wakaweka fremu ya dirisha pana kuliko yote ya sebuleni. Mke aliingia taratibu, akapapasa ukuta mbichi, akakaa kwenye kigoda akatazama nje.

Dalali alibaki kizingitini. Alitazama sakafu huku na huku, na safari hii hakuna aliyemwuliza kitu.

"Kiti cha pili hakipo," alisema. "Sikuwahi kukiweka."

Fundi mkuu alitoa penseli sikioni. "Tukitengeneze cha namna gani?"

"Cha mtu wa kukaa sana," alisema mke wake, akavua mkoba begani na kuutundika kwenye msumari.