Flenji Ndani ya Oveni

Gari la shemeji wa fundi, mume wa dada yake, lilikuwa la kupanda milima, lakini siku hizi kila likiondoka lilitoa mlio mkavu kwenye magurudumu ya nyuma. Fundi alilifungua, akakuta meno ya flenji, zile sahani za chuma zinazounganisha ekseli na gurudumu, yameliwa vibaya. Wakanunua mpya mbili. Kumbe zilibana kupita kiasi: ziliingia kidogo tu kwenye ekseli, zikagoma.

Shemeji akashika nyundo.

"Iweke chini, shemeji," fundi alimwambia. "Ukigonga utaua beringi. Chuma kikipata joto kinatanuka. Nipe nusu saa."

Akazichomoa, akazipeleka jikoni na kuziweka kwenye oveni bila kumwambia mtu. Dada yake alipoifungua ili aweke keki, alibaki mdomo wazi.

"Mdogo wangu, leo tunakula vyuma?"

"Tena vimeshaiva. Nipishe."

Fundi akavaa glavu nene, akatoka mbio na flenji ya kwanza, akaisukuma kwenye ekseli. Ikateleza hadi mwisho bila ubishi. Alipogeuka kwenda kuchukua ya pili, alimwona dada yake anakuja, ameishika kwa taulo lililokunjwa mara nne.

"Hii naiingiza mwenyewe," dada alisema. "Oveni ni yangu."

Akalenga meno, akasukuma mara moja, ikakaa. Mumewe akampigia makofi. Dada akajifuta grisi shavuni, akaizidisha, kisha akauliza kama magurudumu ya mbele nayo hayana shida.