Tundu Kwenye Mpira wa Hewa

Mkandarasi alilileta gari lake gereji asubuhi, injini ikipanda na kushuka ingawa hakuna aliyekanyaga mafuta. Fundi alilisikiliza huku bado anafunga vifungo vya ovaroli. Injini ilinguruma kwa nguvu, ikalegea, ikatetemeka mara mbili, halafu ikanyamaza kiasi cha kudhani imezimika, kisha ikaanza upya. Mkandarasi alisema gari limeanza tabia hiyo miezi michache iliyopita na mafundi wa mjini wamelishindwa. Jioni alikuwa na safari ndefu, akaongeza, na asingeondoka hapo bila gari. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mahali alipoweza kuiona mikono ya fundi.

Fundi huyo alikuwa mwanamke mwepesi wa mkono na mzito wa mdomo. Alianza na madogo, maana anayeanza na makubwa hufungua injini nzima kwa ajili ya plagi moja. Plagi akabadilisha. Mlango wa hewa akausugua mpaka ukang'aa. Injini ikaendelea na vituko vyake. Mkandarasi akatazama saa, akaguna. Mwishowe fundi akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye injini na mpini akauweka sikioni, kama wafanyavyo mafundi wa zamani. Akasikia mtu anapumua.

Mtu huyo alimjua. Pumzi moja ndefu, mbili fupi zenye mikwaruzo, kisha kimya. Hivyo ndivyo alivyopumua mumewe tangu alfajiri ile alipogongwa juu ya baiskeli yake, na tenga la mikate nyuma, na aliyemgonga akatokomea. Tangu arudishwe kutoka hospitali alilala chumbani bila kusema neno, na kila alipofika kwenye kile kimya, nyumba nzima ilibana pumzi pamoja naye. Mkewe alikuwa amelala kando ya kimya hicho siku zote hizo. Asingeweza kukifananisha na kingine.

Akaifuata sauti kwa bisibisi mpaka kwenye mpira wa hewa uliopita nyuma ya injini. Ulikuwa na tundu la kupitisha punje ya mtama, na hapo injini ilijivutia hewa ya wizi. Ni ugonjwa mwepesi, dawa yake mpira mpya. Fundi akaliziba tundu kwa kidole gumba. Injini ikatulia tuli.

"Hapo sasa," alisema mkandarasi, akainuka.

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa mama mkwe wake, aliyeshinda kutwa kando ya kitanda cha mwanawe.

"Mwanangu, mumeo amekata pumzi," alisema bila kupandisha sauti. "Chochote ulichoshika huko, kiachie."

Fundi akaondoa kidole. Injini ikapanda, ikalegea, ikatetemeka. Mama mkwe akasema haya, amerudi, na fundi akirudi jioni apitie sabuni, imekwisha.

Fundi hakuwa mtu wa kubahatisha. Alimwomba mama mkwe asikate simu, akazima injini. Mgonjwa akaendelea kupumua. Akaliziba tena tundu, injini ikiwa imezimwa vile vile, na mama mkwe akaanza kumwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. Akaachia. Basi ikajulikana: gari liwake au lizimwe, lile tundu ndilo pua ya mumewe, na halifai kuzibwa. Na gari, alikumbuka, lilianza tabia hiyo miezi michache iliyopita, wakati ule ule mumewe alipogongwa. Fundi akaifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa na hasira ya kuvunja kitu, na kila kitu kilichokuwa karibu yake hakikufaa kuvunjwa.

Alikwenda nyuma ya gereji, alikokuwa mjomba wake, fundi wa bodi, akipiga msasa mlango wa gari jingine. Mjomba ndiye aliyeianzisha gereji hiyo, na alikuwa na sheria moja tu: gari likija limebonyea, haliulizwi limebonyea wapi. Wateja waliipenda sana. Fundi mwenyewe aliwahi kujisifu kwa wateja wapya kwamba hapa kwetu hatuna maswali.

"Mjomba, boneti ya gari la mkandarasi uliinyoosha wewe?"

"Mimi. Na taa. Na rangi nikapiga."

"Lini?"

Mjomba aliendelea kusugua. "Wiki ile mlipokuwa hospitali. Ilikuwa imebonyea kwa mtu, mwanangu. Bati likigonga mtu hubonyea kivyake. Lakini sisi hatuulizi."

"Na ulikuja kumtazama mgonjwa."

"Nilikuja," alisema mjomba. "Nilileta na matunda."

Fundi aliwaza polisi. Lakini boneti ilikuwa imenyooka, na alama pekee zilizobaki zilikuwa mwilini mwa mumewe. Na hata kama wangemsadiki, gari lingekokotwa hadi uwanja wa kituo, ambako magari ya ushahidi hukaa juu ya mawe, yamenyofolewa hadi viti. Mpira wa hewa ungeibwa kabla wiki haijaisha. Alirudi mbele bado hajakata shauri.

Akamkuta mkandarasi ameinama ndani ya boneti. Alikuwa amevuka barabara hadi duka la vipuri, na mpira mpya alikuwa ameubana kwapani. Koleo lake lilikuwa tayari limekamata kibanio cha ule wa zamani.

"Nimeona ulipoweka kidole," alisema. "Kazi yenyewe ndogo, fundi, unanizungusha bure."

Fundi alimshika kifundo cha mkono, akakibana. Kisha akawasha injini, akampa bisibisi, akamwelekeza pa kuweka sikio.

Mkandarasi alisikiliza. Pumzi ndefu, mbili fupi, kimya. Alfajiri ile alikuwa ameteremsha kioo na kusikiliza kidogo kabla ya kuondoka, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Kumbe hakufa," alisema.

"Hakufa."

"Na nikiubadilisha huu mpira?"

"Atakufa."

Mkandarasi aliutazama mpira mpya, akaugeuza, kama mtu anayechagua nyanya. Fundi alikishika tena kile kifundo. Injini ilifika kwenye kimya chake, na kimya hicho kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyopata kuvisikia.

"Basi uache," alisema mkandarasi hatimaye. "Litanguruma hivyo hivyo, nitazoea. Nami nitalileta kwako tu, wengine wasije wakaharibu." Uso wake ulikuwa umekunjuka, uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Na gereji yenu haiulizi, au siyo?"

"Haiulizi," alisema fundi.

Basi akalishughulikia. Alibadilisha vipande vya breki ambavyo bado vilikuwa na maisha. Alipima upepo wa kila tairi, akakaza nati za magurudumu, akasafisha kioo cha mbele mpaka kikawa kama hakipo. Akamwonya mkandarasi kuhusu malori na kona za mlimani, akamsihi asiendeshe na usingizi, apumzike akichoka. Mkandarasi alisema hajapata kuona fundi anayemjali mteja namna hii.

Gari likatoka getini, likipanda na kushuka. Fundi alisimama barabarani mpaka likapotea, akimwombea aliyemgonga mumewe afike salama, aishi miaka mingi, na maombi hayo yalimtoka moyoni, neno kwa neno.