Kadi ya Kumpeleka Mama Natarawau

Daktari wa macho kule Suva alituambia bila kuzunguka: jicho la kushoto la mama limekwisha, na la kulia litamfikisha Krismasi, akibahatika. Ilikuwa Agosti. Mama alimshukuru, akajifunga kitambaa vizuri, na tulipotoka nje akasema jambo moja tu. Alitaka kuiona Natarawau, kijiji chetu cha zamani.

Natarawau ipo na haipo. Bahari ilikula ufuo, ikala makaburi mawili, ikaanza kuingia majikoni, mpaka tukahamishiwa mlimani miaka sita iliyopita. Nyumba za chini zilibomolewa. Lakini kabla hazijabomolewa, vijana wa chuo walikuja na kindege chao kisicho na rubani, wakapiga picha kila ukuta na kila mnazi, wakaziunganisha zikawa kijiji kizima ambacho mtu anaweza kutembea ndani yake kwenye kompyuta. Nakala walituachia. Na kompyuta tulikuwa nayo, ile ya sanduku jembamba iliyobaki ushirika wa kopra, nazi kavu zile, ulipofungwa. Ila kila nilipofungua kijiji ilihema, ikaganda, ikanionyesha nusu ya paa la kanisa na anga jeusi. Nimeipiga makofi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Safari hii nilikuwa nimekuja nayo melini ili itengenezwe, nimeizungushia mkeka. Nikampumzisha mama kwa dada yangu, nikaibeba hadi kwa Netani, ambaye anatengeneza kompyuta kwenye chumba kidogo juu ya duka la vitambaa. Netani ni mtoto wa mjomba wangu. Kwetu hao ndio watani, na mtani hakuamkii, anakushambulia.

"Hilo sanduku umelifukua kwenye kaburi gani?" akauliza kabla sijaketi.

"La babu yako. Alikuwa amelikumbatia."

Akalifungua, akapuliza vumbi, akatoa mjusi mkavu kwa ncha ya bisibisi. "Ona, hata huyu alingoja picha ifunguke mpaka akafa." Kisha akachungulia kwa makini zaidi, kwa maana Netani kazi yake anaijua. "Mashine yenyewe si mbovu. Inakosa kadi ya picha. Sasa hivi inafikiri yenyewe na kuchora yenyewe, kama mchungaji anayehubiri huku anakaanga samaki."

"Basi nitafutie kadi. Ya bei ya mtu kama mimi."

Kwenye rafu kulikuwa na moja kubwa kama sinia, feni tatu, bei yake nzuri ajabu. Nikainyooshea kidole. Netani akacheka mpaka akakohoa.

"Utaiweka wapi, mapajani? Sanduku lako jembamba. Halafu hii inataka waya wake wa umeme, na pawa saplai yako, hiki kisanduku kinachogawa umeme, haina waya hata mmoja wa ziada. Ukiilazimisha itazima kabla hujasema amina. Wewe unataka kadi fupi, isiyokula umeme zaidi ya ule wa pale inapochomekwa."

Akapekua droo, akatoa kikadi chembamba chenye feni moja ndogo kama kifuniko cha mtungi. Akakichomeka. Kanisa likatokea lote, na mnara wake, na ufa wake, na moyo wangu ukaruka. Nikasogea kuelekea ufukweni. Picha ikasita, ikaruka, ikaganda.

"Memori," Netani akasema. "Hii ina gigabaiti mbili. Kijiji chote hakiingii. Ungepata yenye nne, ungetembea mpaka uchoke."

"Yenye nne iko wapi?"

Akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Hapo nikaiona. Mashine yake mwenyewe ilikuwa wazi ubavuni, na ndani yake kadi fupi yenye nne, haina waya, imekaa imetulia. Kwa mashine hiyo anakata video za harusi na za misiba, na watoto wake watatu wanakula kutokana nayo.

Kwetu ndugu akikuomba kitu, humnyimi. Maneno mawili yangetosha. Mama yangu ni shangazi yake, dada wa baba yake, na Netani angeing'oa pale pale akiwa anatabasamu. Nilitamani, sitaficha. Kwa kitambo nilimchukia kwa kuwa nayo.

"Omba basi," Netani akasema, na utani ulikuwa umemtoka sautini. "Macho yako yameshaomba."

"Nikuombe nini, maskini wewe? Nitapata upele."

Hakucheka. Tulikaa tunaitazama ile picha iliyoganda, na chini barabarani mtu alikuwa akitangaza bei ya pilipili. Nikamkumbuka mama kwa daktari, anahesabu vidole vya daktari aliyekuwa akirudi nyuma, na jinsi alivyoacha kuhesabu daktari alipofika mlangoni.

"Mama anaona mpaka pale mlangoni," nikasema. "Kupita hapo kwake ni ukungu. Je, mashine nayo ikionyesha ya karibu tu?"

Netani alinigeukia polepole. "Kumbe kwenye ukoo wenu kuna mtu mmoja mwenye akili, na bahati mbaya ni wewe." Akaingia ndani ya mipangilio, akabonyeza hapa na pale. Kila kilichozidi hatua thelathini kikamezwa na ukungu mweupe. Ile feni ndogo ikatulia. Nikasogea mpaka ufukweni, na ardhi ikawa inajifunua mbele yangu taratibu, bila kukwama hata mara moja. Kikadi cha droo alinitoza nusu ya bei, na matusi akanipa bure.

Tulirudi na meli ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi nikaweka mashine na kioo chake juu ya kasha, mama akakaa mkekani, pua yake karibu iguse kioo. Natarawau ikatoka ukunguni kama inavyotoka alfajiri majiko yakiwashwa. Mama akapangusa kioo kwa upindo wa kitambaa chake.

Mimi nilikuwa na haraka ya kumfikisha nyumbani. Ile programu inaruhusu kuruka, nami nikaruka, nikapaa juu ya paa la nyumba ya mkuu wa kijiji. Kofi likanitua gotini.

"Shuka! Unapita juu ya kichwa cha mkuu?"

"Mama, hayumo humo."

"Nani kakwambia?"

Nikashuka. Nikaomba radhi, *tulou*, kwa nyumba isiyokuwa na mtu, nikazunguka kwa miguu. Baadaye nikagundua kwamba nilikuwa nimeinama kwa heshima pale pale nilipokaa.

Tukafika kwenye njia ya nyumba zetu. Ukungu ukafungua nyumba ya Sereima, na karai lake la kufulia mlangoni. Mama akaita kwa sauti nzito ambayo si yake: "Njoo tule!"

Ilikuwa sauti ya Sereima kabisa. Sereima tulimzika mwaka wa kimbunga. Kwetu kila apitaye mlangoni huitwa hivyo na wenye nyumba, nami nikajibu kama anavyojibu mpita njia: "Asante, nimeshiba."

Nyumba iliyofuata ni ya mzee Apakuki, na mama akakohoa kwanza, kama yeye. "Njoo tule! Leo kuna pweza!" Nikashukuru tena. Tukaenda hivyo, mlango hadi mlango, kila nyumba ikituita kwa sauti ya mwenyewe, waliokufa na waliohamia Auckland, na mimi nikiwaitikia wote. Mashine niliisahau. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu utotoni.

Kisha ukungu ukafungua nyumba ya buluu, mlango wake umefungwa kama ulivyokuwa siku ile ya kindege. Yetu. Nikasimama.

Hakuna aliyeita.

Mama alikuwa anangoja. Midomo yake ilicheza kidogo, ikaacha. Ndipo nikaelewa. Miaka arobaini, aliyewaita watu kutoka ndani ya nyumba ile alikuwa yeye, na sasa alikuwa huku njiani pamoja nami, na ndani hamkuwa na mtu wa kutukaribisha.

"Mama," nikasema, na sauti haikutoka vizuri. Nikavuta pumzi, nikaita kwa nguvu, kama mtu aliye jikoni, sufuria iko tayari. "Mama! Njoo tule!"

Alifuta jicho lake moja kwa kiganja.

"Nakuja," akasema. "Ngoja nivue viatu."