Sentensi Moja ya Osinya

Phiona leo ni nyota, mabango yake yamefika mpaka Nairobi, lakini akihojiwa hataji hata siku moja filamu yake ya kwanza. Simlaumu. Ni msichana na mjomba wake wanaosafirisha mbuzi wa mahari kwa pikapu mbovu kutoka Bulumbi hadi Tororo, basi. Inachekesha, inapendeza, na ukifika nyumbani umeshaisahau. Diski iliyobaki, nijuavyo, ni yangu mimi Vincent. Kila Jumamosi mchana naionyesha kwenye kibanda changu cha video hapa Busia, maikrofoni mkononi, nikitafsiri na kutia chumvi. Ndiyo kazi ya vijei.

Wateja huja kwa ajili ya mahali pamoja tu. Pikapu inazimika, Phiona anadandia baiskeli ya boda, na mwendeshaji, mtu wa boda wa kweli ambaye watengeneza filamu walimwokota barabarani, anageuka kumwambia neno kwa Kidhopadhola. Mimi ni Msamia, sikuwahi kulielewa. Nikampa langu, kwa sauti nyembamba ya kipuuzi: "Shuka usukume, dada! Mimi nimekula muhogo tu!"

Jumamosi iliyopita, kabla sijawasha mashine, akaja msichana wa miaka ishirini hivi, akapiga magoti kunisalimu.

"Anko, mimi naitwa Awor, natoka Mulanda. Ile mtu ya baiskeli ni baba yangu, Osinya. Alikufa mimi niko bado tumboni. Sauti yake sijasikia hata siku moja. Nimekuja hapa mara tatu, na mara tatu umemfunika."

Shuleni, akaniambia, wenzake walimwita yeye Muhogo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwahidi kunyamaza. Kumnyamazisha vijei ni kumkataza kuku kuchakura, lakini tulipofika pale niliweka maikrofoni chini. Osinya akageuka, akafungua mdomo. Watu arobaini wakapaza sauti kwa pamoja: "Shuka usukume, dada!" Wakaangua kicheko, filamu ikasonga mbele. Awor alikuwa amesimama karibu na spika, hajasikia kitu.

Nikapandwa na hasira. Nilitaka kuwatimua wote, kisha nikakumbuka ni nani aliyewafundisha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikasimamisha filamu, nikawaambia mtu yule ni nani na binti huyu ni nani. "Sauti mnayoijua ni yangu," nikasema. "Ya kwake hatujawahi kuisikia. Nimekosa. Sasa tunyamaze." Hata Ogwang, anayepika chapati mlangoni, aliacha kukanda unga.

Nikarudisha nyuma. Ilikuwa sauti nzito, ya mtu asiye na haraka. Maneno machache tu.

"Amesema nini?" nikanong'ona.

"Anamwambia achunge mguu isiingie kwa spoku." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Rudisha tena, anko. Ngoja nipigie mama."

Akawasha spika ya simu, akaisogeza karibu na spika yangu. Osinya akasema maneno yake. Kutoka Mulanda ikaja sauti ya mwanamke, taratibu, kwa Kidhopadhola, na wazee wa Paya waliokaa benchi la mbele, ambao lugha hiyo ni yao, wakainamisha vichwa.

"Mama anasema nini?" nikauliza.

Awor alijifuta uso kwanza.

"Anamuuliza mbona amechelewa."