Mkunjo wa Nne

Ragab amekataa jina la mama yake lisomwe na watu. Ama liondoke kitabuni, ama dada yake Inshirah asikanyage tena nyumbani kwake, na mama anaishi humo.

"Futuh wa mashine, huyo wa kiwandani kwenu, kaniuliza mkahawani, mbele ya wanaume, 'Bi Wahiba hajambo?' Wakacheka mpaka chai ikawatoka puani. Mimi, mchinjaji wa mtaa mzima wa Shubra, kutajiwa jina la mama hadharani!"

"Si ndilo jina lake, kaka?"

"Yeye ni Mama Ragab! Hata kadi ya harusi yangu haikumtaja. Wewe unamwanika kama nguo ya ndani!"

Kwa miaka kumi na tisa Inshirah ameshona vitabu vya watu katika kiwanda cha uchapaji. Hiki ndicho chake. Wanawake saba wa jengo moja wanasimulia kwa zamu, na kila mmoja anaanza kwa kutaja jina lake. Wa tatu anasema: "Mimi ni Wahiba. Niliozwa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Tangu nimzae Ragab, hakuna aliyeniita."

Mama aliyasema hayo akichambua mlenda. "Uniandike kwa jina langu," aliagiza. "Usije ukaniita mama wa fulani."

"Badilisha jina, yaishe," msimamizi wa kiwanda alimshauri Inshirah.

"Nikibadilisha, si yeye tena."

Karatasi kubwa moja hukunjwa ikawa kurasa kumi na sita, na mikunjo ndiyo hushonwa pamoja. Maneno ya Wahiba yalijaza mkunjo wa nne, sawasawa, bila mstari kubaki. Inshirah aliuchomoa kabla ya kutia uzi, nakala baada ya nakala. Kitabu kilifungika vizuri tu. Baada ya ukurasa wa arobaini na nane ukaja wa sitini na tano. Msomaji atadhani ni uzembe wa washonaji.

Ijumaa akakipeleka kwa kaka yake. Ragab alikipekua kitabu mlangoni, kisha akampisha.

Mama hajui kusoma. Alikipapasa, akakinusa.

"Mimi niko wapi humu?"

Inshirah alikifungua, akakishika kidole cha mama, akakilaza kwenye mshono.

"Hapa."

"Mbona pembamba hivi?" mama akacheka. Lakini kidole hakukitoa.

Nakala mia tatu, kila moja pungufu kwa kurasa kumi na sita. Kurasa elfu nne na mia nane. Mnunuzi wa makaratasi chakavu alizibeba kwa mkokoteni wa punda. Safari moja ilitosha.