Mama wa Miaka Thelathini na Mmoja

"Mhusika wako ni mzee mno, Mama Aline," alisema Mwalimu Privatus, akairudisha karatasi mezani. "Kitabu ni cha vijana. Kijana anataka habari za kijana mwenzake."

"Ana miaka thelathini na mmoja tu, Mwalimu."

"Kwa mtoto wa darasa la saba, huyo ni bibi."

Mama Aline, jina lake Akimana, hakubisha. Privatus alikuwa mtu wa Bugarama, mwenye tai shingoni hata siku za tope, na moyo wake ulikuwa mwema kuliko kalamu yake nyekundu. Ndiye aliyekabidhiwa kitabu cha hadithi za shule za kambini. Akimana alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya elimu, mkimbizi kutoka Burundi. Alikata stensili kwenye taipureta, herufi zikitoboa nta, kisha akazungusha mkono wa mashine ya kurudufu mpaka bega likafa ganzi. Hadithi nne za walimu zilikuwa tayari. Zote zilijaa watoto hodari: mmoja kamkimbiza mwizi, mwingine kaokoa mbuzi kwenye mafuriko, na hakuna hata mmoja aliyechoka. Ilibaki ya kwake.

Gari la Ijumaa lingevipeleka vitabu kambi zote, hadi Kibondo na Kasulu. Hicho ndicho alichokitaka Akimana, wala si sifa. Binti yake Aline, kama yu hai, ametimiza miaka kumi na minne mwaka huu wa elfu mbili, na huenda amekaa kwenye dawati moja huko. Miaka saba watu wamemwita mama yake kwa jina la mtoto asiyejulikana aliko, naye ameitika.

"Igeuze tu," Privatus alimsihi. "Mama ana kichanga mgonjwa mgongoni, hawezi mwendo, anamkabidhi binti yake kwa jirani watangulie. Sawa. Sasa tumfuate binti. Alipita wapi? Aliona nini?"

"Sijui."

"Si unatunga?"

Akimana alipachika karatasi kwenye taipureta, akaandika: Msichana alitembea. Akaishia hapo. Angeweza kumpa viatu. Angeweza kumpa mvua, au ndizi mbivu ya kuokota. Lakini kila ambacho angempa kingekuwa uongo, na Aline angeujua. Alichokijua yeye ni njia yake mwenyewe, na kichanga kilichofia Murusagamba siku ya tatu. Hicho alikuwa amekiandika kwa mstari mmoja. Hakulia. Siku hizi alikula, akalala, akapiga chapa, basi.

Alhamisi asubuhi aliirudisha hadithi vilevile ilivyokuwa.

"Iache, Mwalimu. Chapa hizo nne."

Privatus alikuna kichwa. Alikuwa na kalamu mkononi, lakini hakuitumia. "Twende tukawaulize wenyewe," alisema.

Aliisoma mbele ya darasa la saba, Akimana akiwa amesimama mlangoni. Watoto wale walikwisha kusomewa mengi, na walijua kusinzia macho wazi. Siku hiyo hawakusinzia. Alipomaliza, msichana aliyeitwa Irambona alinyoosha mkono, akasimama.

"Mwalimu, huyo mama alimwambia nini mtoto wake alipomkabidhi kwa jirani?"

Privatus alitafuta kwenye karatasi, juu na chini. Maneno hayo hayakuwamo. Akamtazama Akimana.

"Alimwambia, 'Tangulia, nakuja,'" Akimana alisema. Hakuwahi kumtamkia mtu maneno hayo tangu siku ile. Aliona aibu, kisha aibu nayo ikatoweka.

Irambona alikuwa bado amesimama. "Mimi pia niliambiwa hivyo."

"Na mimi," alisema mvulana wa nyuma.

"Nilidhani mama alinichoka," Irambona alisema. "Lakini huyu hakumchoka mtoto wake. Kumbe inawezekana."

Privatus alilegeza tai, akawaambia wakae, ingawa mmoja tu ndiye aliyesimama. Nje alimwambia Akimana, "Kata stensili. Na hayo maneno yaingie."

Aliyaingiza. Alasiri, mashine ilipokuwa inazunguka, Irambona alifika mlangoni pa ofisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Yule mama alikuja?"

Mkono wa Akimana ulisimama kwenye mashine. Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba ni hadithi tu.

"Bado yuko njiani," alisema.

Irambona hakuondoka. Akimana akazungusha tena mkono wa mashine, ukurasa ukatoka, naye akampa ungali na wino mbichi. Msichana aliushika kwa ncha za vidole ili usichafuke, akausogeza kwenye mwanga wa mlango, akaanza kusoma kwa midomo, polepole, neno moja moja.