Kipimo Kilichomtoa Sindre Siri

Gunnhild alikuwa na mimba ya nne siku mkunga wake wa pale Bergen alipompigia simu. Kipimo cha kwanza kilionyesha huenda ana VVU, lakini damu ingepimwa tena kwa kipimo cha kuthibitisha, hivyo asimhukumu mtu kwanza.

Alimhukumu Sindre, mumewe, kabla hajaweka simu chini.

"Kila Jumanne unaniambia uko mazoezini," alimwambia baada ya kumweleza habari yenyewe. "Unakwenda kwa nani?"

Sindre alikaa kwenye ngazi, uso umemshuka. "Kwa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu mzazi. Nakula pale. Mke wangu, supu yako ya samaki imenishinda tangu tuoane."

Gunnhild hakujua lipi linauma zaidi, kipimo au supu.

Wiki iliyofuata mkunga aliwaita. Kipimo cha kuthibitisha kilionyesha Gunnhild hana virusi.

"Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupigana na virusi, siyo virusi vyenyewe," alieleza. "Mwanamke aliyebeba mimba kadhaa anaweza kuwa na kingamwili nyingine zinazofanana na hizo, kipimo kikadanganyika. Ndiyo maana hatuamui kwa kipimo kimoja."

Sindre alishusha pumzi, akamshika mkewe mkono. Gunnhild alilia kidogo kwa furaha, kisha akapenga kamasi.

"Na huyo mama yako anatia nini kwenye supu?"

"Krimu," Sindre alijibu kwa woga. "Nyingi."

"Basi Jumanne twende wote. Nimechoka kula ya kwangu."